Ubao wa Bei Kubwa na Fedha za Nyumbani

Ikiwa nyumbani kwako yupo kijana apendaye michezo ya kompyuta, huenda umekwisha kuketishwa na kuelezwa habari za ubao mama. Huo ni ule ubao mpana uliomo ndani ya kompyuta, ambao prosesa, vijiti vya RAM, kadi ya picha na vinginevyo vyote hupachikwa juu yake. Mafundi wetu huuita madabodi. Kijana amekwisha kuuchagua wake: una kioo kidogo cha kuonyesha joto, una taa za rangi zote za upinde wa mvua, na bei yake inapita dola 1,000 za Marekani kabla ya gharama za usafiri. Hoja yake ni kwamba bila ubao huo mchezo hautakwenda mbio, wala prosesa haitaweza kupandishwa mwendo.

Kwa mfanyakazi anayengoja mwisho wa mwezi, fedha hiyo si mchezo hata kidogo. Hata hivyo si vema kumkatalia kijana kwa kelele tu, kwa maana hoja yake ina ukweli ndani yake. Yafaa tuipime.

Kupandisha mwendo maana yake ni kuilazimisha prosesa ipige mapigo mengi kwa sekunde kuliko kiwango kilichoandikwa na kiwanda. Kazi hii zamani ilikuwa ujanja wa mtu mwenye mfuko mwepesi. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, yenye mwendo wa megahezi 300. Wapenzi wa kompyuta wakagundua kwamba wakipandisha mapigo ya ubao kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi kati ya prosesa hizo zilikimbia kwa megahezi 450 bila kulalamika. Hiyo ni nyongeza ya nusu nzima, na mtu alikuwa akikaribia mwendo wa Pentium II iliyouzwa ghali mara kadhaa. Ubao uliosifiwa sana kwa kazi hiyo, Abit BH6, haukuwa pambo la tajiri. Sifa yake ilikuwa kwamba mwendo ulibadilishwa kwa kubonyeza vitufe vya kibodi tu, bila kuhamisha vipini kwa koleo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Viwanda vyenyewe huikamua prosesa karibu tone la mwisho kabla ya kuitia katika boksi. Core i9-14900K, iliyotolewa mwaka 2023, hujipandisha yenyewe hadi gigahezi 6 pindi joto linaporuhusu. Anayetaka kuongeza juu ya hapo anaokota makombo, na makombo hayo anayalipia kwa joto na umeme mwingi. Tena katika michezo mingi mzigo mkubwa huangukia kadi ya picha. Chukua prosesa moja, kadi moja na RAM ile ile, ukavihamisha kutoka katika ubao wa bei ya kati kwenda katika ubao wa dola 1,000. Katika mchezo, macho yako hayatatambua tofauti.

Basi ubao wa bei kubwa unauza nini? Kwa sehemu kubwa unauza umeme uliotulia. Hapa ndipo penye ukweli wa kijana, nami ningependa tukae kidogo.

Pawasaplai hupeleka umeme wa volti 12 katika ubao. Prosesa haiwezi kuupokea hivyo. Inataka volti moja na ushei. Kazi ya kuushusha hufanywa na vijisehemu vilivyopangwa kuizunguka prosesa, ambavyo kila kundi huchukua sehemu ya mzigo kwa zamu. Ile 14900K tuliyoitaja imeruhusiwa na Intel kula hadi wati 253. Ukigawanya wati hizo kwa volti 1.3 unapata karibu ampea 195. Fyuzi ya plagi yako ya pini tatu huwa haizidi ampea 13! Mkondo huo mkubwa unapita katika eneo dogo kuliko kiganja cha mkono, na sehemu yake hupotea kama joto. Ubao wa rahisi mno, usio na vipande vya chuma vya kupoza sehemu hizo, utachemka. Ukichemka utaipunguza prosesa mwendo ili kujiokoa, na fedha iliyotolewa kwa prosesa inakuwa imemwagwa mchangani.

Kwa hiyo ubao duni kabisa usinunuliwe. Lakini kutoka ubao duni hadi ubao wa kifalme ni safari ndefu, na katikati ya njia zipo mbao nyingi zenye vipoza vya kutosha. Tena si kila prosesa ni mlafi. Ryzen 7 9800X3D ya mwaka 2024, inayosifiwa mno na wachezaji, imepimwa kwa wati 120, na aghalabu katika mchezo hula chini ya hapo.

Wala mtu asidhani kwamba bei ni kinga. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye herufi X3D ziliungua, na mbao za bei kubwa zilikuwamo katika mkasa huo. Baadhi ya mbao, zilipowekewa mpango wa kuharakisha RAM, zilipandisha kupita kiasi volti ya sehemu mojawapo ya prosesa. AMD ikaamuru kikomo cha volti 1.3, na wenye mbao wakatoa programu mpya ya BIOS. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidhoofika kwa sababu ya volti iliyopanda mno. Kampuni ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza miaka 2 katika dhamana, ila prosesa iliyokwisha kuumia haikuponyeka. Mwaka huo huo Intel iliwahimiza watengenezaji wa mbao wafuate mipaka yake ya umeme, kwa kuwa mbao kadhaa zilitoka kiwandani zikiwa zimeifungua ili zionekane na mbio kuliko za jirani.

Jambo jingine linalowapotezea watu fedha ni ndoa isiyofaa kati ya ubao na prosesa. Kwa Intel, kupandisha mwendo kwa kawaida kunahitaji prosesa yenye herufi K na ubao wa jamii ya Z, kama Z790. Ukiiweka K hiyo juu ya B760, mlango umefungwa. Kwa AMD, ubao wa B650 unaruhusu, ule wa A620 hauruhusu. Na ile Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ilifungwa na kiwanda chenyewe. Hata ungeiketisha juu ya ubao wa dhahabu, kwa kawaida isingekubali kuongezewa mapigo.

Muulize kijana pia ubao wake utapokea prosesa ya miaka ijayo au la. Zipo mbao za AM4 zilizonunuliwa mwaka 2017 ambazo, baada ya kubadilishiwa BIOS, zilipokea hiyo 5800X3D miaka mitano baadaye. Kwa upande wa Intel, tundu la LGA1700 lilianza mwaka 2021, na mwaka 2024 prosesa mpya zikaja na tundu jingine, LGA1851. Kwa familia inayoboresha kompyuta kidogo kidogo, habari hii ni nzito kuliko taa zote za upinde wa mvua.

Siwabezi wanaonunua mbao za kifalme. Wapo washindani wanaopoza prosesa kwa naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, wakitafuta rekodi. Wao wanavihitaji vile vitufe na vipimo vya ziada. Kijana wa darasa la jioni anayecheza Jumamosi hayumo katika kundi hilo. Kwake yeye, ubao wa bei ya kati wenye vipoza vizuri, vijiti 2 vya RAM ya DDR5 badala ya 4, maana 4 aghalabu hukataa mwendo wa juu, na fedha iliyobaki iende katika kadi ya picha na pawasaplai ya kuaminika.

Ubao ukifika, kabla ya mchezo wowote, aweke kwanza BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, lakini umeme ukikatika katikati yake ubao unaweza kufa pale pale. Kwa hiyo aazime betri ya akiba kwa jirani ikiwa nyumbani hakuna.