Mfanyabiashara wa Niania ajionyeshe alivyo

Niania ni njia panda. Hapo barabara ya taifa namba 4, inayotoka Kisangani kwenda Mambasa na Komanda, inakutana na ile ya Isiro. Mteja wa mfanyabiashara wa hapo anaweza kuwa Bunia, au Kisangani, zaidi ya kilomita 300. Mali anaiona kwenye WhatsApp, analipa kwa simu, kisha anangoja lori ambalo wakati wa mvua hukwama matopeni.

Kabla hajagusa kakao, mteja huyo ameshamwamini mtu. Ndiyo maana picha nzuri iliyookotwa mtandaoni ni hasara. Itamvuta mara moja, lakini siku atakapofungua gunia na kukuta punje zenye ukungu, hatarudi, na wenzake atawaambia.

Afadhali mfanyabiashara aonyeshe sura yake, mikono yake ikigeuza kakao juani, magunia yake mwenyewe. Mvua ikizuia kukausha, aseme. Lori likikwama, atume picha ya lori badala ya ahadi ya kesho.

Kuwa mkweli si kuanika kila kitu. Katika Ituri yenye makundi ya silaha, kutangaza saa ya safari au mahali pa kuweka fedha ni kujitafutia hatari. Hayo yabaki siri.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwa mteja aliye mbali, chema hujiuza pale tu kinapoonekana kilivyo, pamoja na kasoro zake.