Ubunge Si Bidhaa ya Kariakoo

Kariakoo kila kitu kina bei, na bei yenyewe ni ya kupatana. Muuzaji hutaja yake, mnunuzi hutaja yake, na wakishakubaliana mzigo hubadili mikono. Kila mmoja hushika njia yake bila kumdai mwenziwe neno. Ni biashara halali, na maduka ya mikoa mingi hujazwa kwa sababu yake. Hatari huanza pale mtu anayetaka kuwa Mbunge wa watu hao hao anapoiga desturi za soko katika siasa: akaitaja bei ya kura, akailipa, kisha akatembea kifua mbele akijihesabu kuwa hadaiwi na mtu.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo. Aliyeomba kura anadaiwa, na deni hilo halimwishi mpaka siku atakaporudi kutoa hesabu. Aliyenunua amekwisha kulipa. Mwananchi anayemlalamikia Mbunge wa namna hiyo kwamba haonekani jimboni kwake, kwa kweli analalamikia mali ambayo thamani yake alikwisha kuipokea.

Yafaa ikumbukwe kwamba sheria za nchi hazimtaki mgombea awe tajiri. Katiba, katika ibara yake ya 67, inamtaka awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Tena inamkataa mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali katika miaka 5 kabla ya uchaguzi. Baada ya hapo kuna fomu ya msimamizi wa uchaguzi, dhamana, na wapiga kura wa jimbo wasiopungua 25 wa kumdhamini. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyatimiza hayo yote kwa mshahara wake. Basi ni nani aliyeweka ile bei nyingine, isiyoandikwa popote, inayowafanya watu waadilifu wauogope ubunge kama kaa la moto?

Historia inaonyesha kwamba bei hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, majina ya waombaji yalipigiwa kura na mkutano wa wilaya wa TANU, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili wa kushindana katika karibu kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya Jembe, mwenziwe alama ya Nyumba. Wagombea hao hawakuwa na mikutano yao ya pembeni. Walisimama jukwaa moja, katika mikutano iliyotayarishwa na Chama, wakasema kwa Kiswahili tu, na wakakatazwa kutaja kabila, dini au rangi ya mtu. Mwenye gari na asiye na baiskeli walisikilizwa sawa.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtu aliyejenga jina katika ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alishindwa huko Mwanza. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya akina mama wa Dar es Salaam chini ya bendera ya TANU tangu miaka ya 1950, wakati wengi walikuwa bado wanaogopa kuchukua kadi, alishindwa huko Rufiji. Wote wawili walikuwa watu wenye sifa kubwa. Lakini wapiga kura walitaka kusikia zaidi ya sifa, na kura ya mkulima iliwaondoa wakubwa bila ghasia.

Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, wala haifai kuzificha. Mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo wake ulishikwa na watu wachache. Asiyeteuliwa na Halmashauri Kuu hakuwa na pa kwenda. Nchi ilifanya vema ilipofungua mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Jambo la kusikitisha ni kwamba, pamoja na kasoro zile, uliachwa pia usawa wa jukwaa. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilikuwa limekwisha kulegeza miiko ya uongozi iliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, na fedha ikapata kiti cha mbele katika siasa. Mwaka 2000 ikaingizwa katika sheria ya uchaguzi kauli ya kuruhusu takrima, ati ni ukarimu wa kawaida wa Kiafrika. Kwa miaka 6 pilau na fulana za mgombea zilikuwa na ulinzi wa sheria. Asasi za kutetea haki zikapeleka shauri Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikatamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na uwezo. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka kila mgombea aeleze fedha zake zimetoka wapi na zimetumikaje.

Sheria, kwa hiyo, zipo. Kinachokosekana ni watu wa kuona haya. Takrima iliyofukuzwa mlangoni imerudi kupitia dirishani, na dirisha lenyewe ni kura za maoni. Mjumbe hutumiwa “nauli” naye anakaa mtaa wa pili tu. Kikundi cha kina mama huletewa vitenge na mtu ambaye hakuwahi kukijua kabla ya mwaka wa uchaguzi. Wapambe huzunguka usiku na bahasha, na mchana huzunguka wakisema mkono mtupu haulambwi. Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa darasa la tano aweza kuifanya. Noti ya shilingi 10,000 ikigawanywa kwa siku za miaka 5 ni chini ya shilingi 6 kwa siku. Hakuna mchuuzi wa Mtaa wa Kongo anayeweza hata kuirudisha kama chenji. Kwa fedha hiyo mtu huuza haki yake ya kuuliza habari za barabara, dawa, madarasa na kodi.

Mgombea mwema anapaswa kuanzaje, basi? Aanze kwa kulijua jimbo kabla ya kulitamani. Jimbo la Ilala, lenye Kariakoo na Gerezani, Jangwani na Kivukoni, ni darasa gumu kuliko mengi nchini. Mchana mitaa ya Msimbazi, Aggrey na Kongo hufurika wafanyabiashara, wapagazi, machinga na mama lishe. Jioni wengi wao hupanda daladala kwenda Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, ambako ndiko walikojiandikisha kupiga kura. Mgombea mwenye kuhesabu kura tu atawapuuza watu wa mchana, kwa kuwa hawamo katika daftari lake. Mgombea mwenye kujua wajibu atatambua kwamba jasho la watu hao ndilo linaloupa mji uhai, na kwamba Mbunge, akishaapa, ni Mbunge wa Jamhuri nzima.

Kisha ajue kazi anayoiomba. Mbunge hachimbi mifereji wala hagawi vizimba vya sokoni. Hizo ni kazi za halmashauri na mashirika. Kazi ya Mbunge ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuridhia mikataba na kuibana Serikali itoe maelezo. Kariakoo imetoa mifano mitatu inayotosha kumpima kila anayetaka kwenda Dodoma. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, liliungua moto. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kukutana nao Mnazi Mmoja. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka na kuua watu zaidi ya 20, wakiwamo waliokuwa wameamkia kazini kama siku zote.

Katika mambo hayo matatu kuna maswali ambayo ni ya Bunge hasa. Mashirika ya umma hukaguliwaje kabla ya moto, si baada yake? Sheria ya kodi inayompa ofisa wa mapato madaraka makubwa juu ya muuza duka ilipitishwa na nani, na nani ataipeleka ikarekebishwe? Nani huidhinisha watu kuchimba chini ya ghorofa la zamani lililojaa maduka, na adhabu ya mwenye kupuuza taratibu ni nini? Mgombea anayefika Kariakoo na majibu ya maswali hayo hana haja ya pilau. Na anayefika na pilau pekee, yafaa aulizwe maswali hayo kabla sahani hazijaondolewa.

Ahadi nazo zina kipimo chake. Ahadi ni deni, na mgombea anayeahidi kila kitu anakopa bila dhamana. Mkazi wa Jangwani aliyepandisha kitanda juu ya matofali mara ngapi wakati Mto Msimbazi ulipofurika, hatapata nafuu kwa mtu wa kumwahidi kwamba mvua haitanyesha. Atapata nafuu kwa mtu atakayefuatilia fungu la fedha lililotengwa kwa ajili ya bonde lile, mwaka baada ya mwaka, na kurudi kusema limefikia wapi, hata kama habari yenyewe si ya kupendeza.

Hapa Chama nacho kina deni lake. Sheria ya nchi bado hairuhusu mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi. Akashinda Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Maadamu sheria imeviachia vyama ufunguo wa mlango, vyama haviwezi kuugeuza ufunguo huo kuwa bidhaa. Chama kilichozaliwa katika nyumba moja ya Kariakoo tarehe 7 Julai 1954, kikatembea nchi nzima kwa michango ya senti za wanyonge, hakina haki ya kumwambia mtoto wa mnyonge kwamba amekosa ubunge kwa sababu mwenziwe alikuwa na bahasha nzito.

Wala hili si suala la adabu tu. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliiachia nchi jeraha. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi za kura. Siku ile na zilizofuata zilishuhudia ghasia na vifo, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotembea usiku, na mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kila mmoja ana maelezo yake juu ya chanzo. Lakini jambo moja lilikuwa wazi tangu zamani: mwananchi akishaamini kwamba kiti hakitoki mikononi mwake, hubaki nyumbani au hutoka barabarani, na yote mawili ni hasara kwa taifa. Mgombea anayepata kiti bila kumhitaji mpiga kura, ama kwa fedha ama kwa kukosa mshindani wa kweli, anabomoa nguzo ambayo yeye mwenyewe ameiegemea.

Watumishi wa umma na walimu wana sehemu kubwa katika kazi ya kuirudisha imani hiyo. Wao ndio aghalabu huketi vituoni siku ya kura, wao ndio huulizwa na jirani, “Ndugu Mwalimu, huyu anafaa?” Jibu lao lina uzito kuliko mabango yaliyobandikwa kuta zima za mtaa. Wasilitoe kwa woga wala kwa kutarajia cheo. Na miongoni mwao atakayeona kwamba anao uwezo wa kugombea, asimame kwa kufuata taratibu za utumishi wake, aliache gari la ofisi ofisini na wanafunzi madarasani, akaombe kura kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1955 mwalimu mmoja wa Pugu alitakiwa kuchagua baina ya kazi ya kufundisha na kazi ya siasa. Akaacha mshahara wake, akachagua. Hakuwa na fedha ya kumgawia mtu. Alikuwa na hoja, na alikuwa tayari kuirudia mbele ya watu 20 kama mbele ya watu 20,000.

Kariakoo iendelee kuuza vitunguu, kanga na redio, na mungu ambariki kila muuzaji mwaminifu. Ubunge uondolewe kwenye meza ya biashara. Vyama viwakate wenye bahasha hata kama ni maarufu, TAKUKURU isisubiri fununu ziwe kelele, na mpiga kura aukunjue mkono wake na kuuonyesha kuwa mtupu, ili atakapomwita Mbunge wake aje kutoa hesabu, pasiwe na mtu wa kumjibu kwamba alikwisha kulipwa.