Adui naye awe na uso

Sinema ya vita tumezoea kuipima kwa ukubwa wa milipuko yake, na ya taharuki kwa jinsi inavyotuweka roho juu. Swali ninaloliona zito zaidi ni hili: filamu imetufanya tuhofie maisha ya nani? Mwongozaji Alfred Hitchcock, akizungumza na mwenzake François Truffaut mwaka 1962, alieleza kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji hushtuka kwa sekunde 15 tu. Akionyeshwa bomu hilo mapema, porojo za kawaida za walioketi mezani zitamtesa kwa dakika 15 nzima. Kinachomtesa si baruti, ni watu wale, kwa sababu amepewa muda wa kuwatazama.

Gillo Pontecorvo alilijua hilo alipotengeneza The Battle of Algiers mwaka 1966, kuhusu mapambano ya Algeria dhidi ya ukoloni wa Ufaransa, akitumia waigizaji ambao karibu wote hawakuwa wa kazi hiyo. Wanawake watatu wa FLN, chama cha ukombozi cha Waalgeria, wanavaa na kujipamba Kizungu, wanavuka vizuizi vya askari, wanabeba mabomu hadi mtaa wa Wafaransa. Muda mfupi kabla ya hapo tumeona watu wa Casbah, mtaa wa kale wa Waalgeria, wakiuawa usingizini kwa bomu la polisi, hivyo nyoyo zetu ziko pamoja na wanawake hao, tunaomba wasikamatwe. Kisha kamera inaingia mkahawani na kupita uso hadi uso: wanaokunywa, wanaocheka, mtoto mdogo anayelamba aiskrimu. Sasa tunaomba bomu lisilipuke. Maombi hayo mawili yanapingana, na mwongozaji hatuondolei hata moja. Mlipuko ukishatokea, muziki wa maombolezo uliowalilia Waalgeria unawalilia Wafaransa pia. Msimamo wa filamu dhidi ya ukoloni haukupungua hata kidogo. Ufaransa yenyewe iliikwepa kwa miaka kadhaa.

Ilinganishe na Black Hawk Down ya Ridley Scott, ya mwaka 2001, kuhusu mapigano ya askari wa Marekani mjini Mogadishu, Somalia, ya Oktoba 1993. Kiufundi ni kazi bora, na tuzo zake mbili za Oscar, za uhariri na sauti, ilizistahili. Lakini Wasomali wanatokea vichochoroni na juu ya mapaa, wanapigwa risasi, wanaanguka, wanakuja wengine. Mwishoni, wafu wa Marekani wanatajwa kwa majina, na Wasomali zaidi ya 1,000 wanatajwa kwa hesabu tu. Sisi ni majirani wa Somalia, na watu wa mji wake wa Barawa wanazungumza lahaja ya Kiswahili. Hatuna sababu ya kuwatazama watu hao kama vivuli.

Atakayeitetea atasema askari wale hawakuwajua Wasomali, kwa hiyo filamu ni mwaminifu kwa macho yao. Hoja ina uzito, na ndiyo maana siilaumu Dunkirk ya Christopher Nolan, ambamo maadui, Wajerumani, karibu hatuwaoni kabisa. Nolan hakuwapa uso, lakini pia hakuwapanga makundi kwa makundi ili tufurahie kuanguka kwao. Kumficha adui ni jambo moja. Kumleta mbele ya kamera ili afe tu ni jingine. Wengine watasema watu huenda kwenye sinema kujiburudisha, si kupewa somo la maadili. Nakubali, ila burudani ya taharuki haipungui adui akiwa mtu. Inaongezeka, kwa kuwa hakuna tena kifo cha bure. Ule mkahawa wa Algiers unabana pumzi kuliko mtaa wowote wa Mogadishu ya Scott.

Wanaosimulia filamu kwa Kiswahili, ambao sauti zao ndizo zinazojaza vibanda umiza vya kuonyeshea filamu, wana uwezo wa kuamua nini kiwafikie watu wetu. Nawaomba waichukue hii ya Pontecorvo. Wahusika wake wanazungumza Kifaransa na Kiarabu, inahusu Afrika, na inastahili kusimuliwa kwa lugha yetu.