Nani Aliyetoa Hati ya Bahari?



Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya bamvua huingia katika mahori ya Tudor na Mtwapa hadi ndani kabisa ya mikoko. Mtu mwenye akili timamu akiitazama ardhi hiyo huona bahari. Mnyakuzi huona mtaa wa nyumba za kifahari.

Hila yake twaijua. Kwanza mikoko hukatwa kidogo kidogo, na lawama yote hutupiwa maskini mchoma makaa. Kisha malori huja usiku kumwaga kifusi. Ukuta hujengwa. Maji yakishazuiwa, miti iliyosalia hunyauka, na hapo ndipo mtaalamu huletwa athibitishe kwamba pale hapana msitu, ni tope tupu lisilo na faida kwa yeyote.

Tope hilo ndilo malezi ya kamba, kaa na samaki ambao mvuvi huwategemea. Mizizi yake huzuia udongo usiende kufunika matumbawe, na huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Nayo maji yaliyofukuzwa kwa kifusi hayapai mbinguni: huingia nyumbani kwa jirani asiye na ukuta.

Hebu sasa tuulize swali ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa. Nani aliyetoa hati? Misitu ya mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na mkoloni ambaye hakuwa rafiki yetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Basi afisa anayeigawa anagawa kisicho chake.

Tulipofuta kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991, wengi wetu tulidhani kwamba vyama vingi vitawatia hofu wanyakuzi. Kinyume chake, ardhi ikawa sarafu ya kununulia utiifu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ugawaji haramu ulivyopamba moto nyakati za uchaguzi, na katika orodha yake mlikuwa na misitu na ardhi oevu. Asiyeona kwamba kupigania mikoko ni kupigania mageuzi na asome ripoti hiyo.

Wataambiwa wakazi kwamba mambo yamekwisha, kwamba hati ni hati. Si kweli. Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ambacho mwaka 1989 kilikuwa kimegawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliubomoa ukuta uliokuwa umeziba njia ya umma ya kuendea bahari. Aliyenunua alilia kwamba alinunua kwa nia njema. Majaji wakasema hati yenye mzizi mbovu haimwokoi mnunuzi. Ikiwa jina la Rais halikuitakasa hati ile, jina la nani litaitakasa hati ya kinamasi?

Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji hawakungoja mahakama. Tangu mwaka 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza ukaa unaohifadhiwa humo. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Hao ndio wanaoambiwa kwamba hawaelewi maendeleo! (Na wale waheshimiwa wanaopanda miche mitatu mbele ya kamera, kisha wakarudi mezani kuidhinisha ramani za nyumba, tunawaomba wachague kazi moja.)

Nasi waumini tusijifiche nyuma ya madhabahu. Shamba la mizabibu la Nabothi halikutwaliwa kwa mawe peke yake. Zilianza barua zilizopigwa muhuri wa mfalme, na wazee wa mji wakatii. Kila parokia ya pwani na ichunguze kiwanja ilichopewa kama sadaka: kilitoka kwa nani, naye alikipata wapi? Kikiwa cha umma kirudishwe, hata kama msingi wa kanisa umekwisha chimbwa. Kisha twende msikitini kwa jirani zetu tusimame pamoja nao, maana hori ni moja.

Tangazo la tathmini ya mazingira likitolewa, lisomwe ibadani na barazani siku hiyo hiyo, na pingamizi ziandikwe kwa NEMA zikiwa na majina na saini. Kibali kikitolewa hata hivyo, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo la Mazingira. Msiogope kuulizwa mmepoteza nini: kifungu cha 70 hakimtaki mlalamishi athibitishe kwamba amepata hasara. Pigeni picha malori, andikeni nambari zake na saa yalipofika. Kamati za Jomvu, Mikindani na Mishomoroni zianze Jumapili hii.