Land Rover ya kale, injini ya Toyota: je, bei inapanda?

Katika soko la Land Rover za zamani, iwe Arusha au Nairobi, mnunuzi hawahi kufika mbali kabla ya kuulizia injini: ni yake ya kiwandani au imefungwa ya Toyota? Wauzaji wengi huitaja 1HZ, dizeli ya Toyota, kama sifa, na bei hupandishwa kwa sababu hiyo. Hoja yao ina uzito. Dizeli ya lita 2.25 iliyokuja na Series IIA na III ilitoa nguvu za farasi 62 hivi, na gari likishabeba watu na mizigo hupanda mlima kwa gia ya pili huku foleni ikirefuka nyuma yake. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri. Kwa anayepeleka watalii porini au mazao sokoni, gari hilo ni bora, na kulilipia zaidi ni haki.

Bei hiyo, hata hivyo, ni ya kazi, na gari la kazi hupungua thamani kadiri linavyotumika. Yupo mnunuzi mwingine, yule anayetafuta gari la kihistoria, na yeye anapima kitu tofauti kabisa. Anainama na tochi kusoma namba iliyogongwa kwenye bloku, anailinganisha na rekodi za kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, na zikikubaliana ndipo mazungumzo ya bei yanaanza. Kwa Series I, zilizotengenezwa 1948 hadi 1958, kukosekana kwa injini ya asili ni dosari ambayo nguvu yoyote chini ya boneti haiifidii. Ndiyo maana nashikilia kwamba kubadili injini hulihamisha gari kutoka soko moja hadi jingine, na kwa magari adimu, soko linalohamiwa ndilo hulipa kidogo.

Wapo watakaoitaja Singer ya California, inayozijenga upya Porsche 911 za 1989 hadi 1994 pamoja na injini zake, kisha zikauzwa kwa bei ambayo 911 ya kawaida ya umri huo haiikaribii. Ni kweli, ila mnunuzi pale analipia jina na mkono wa aliyejenga, na injini inabaki ya Porsche. Gereji ya kawaida haina jina hilo sokoni, kwa hiyo gharama ya injini, adapta na siku za fundi ni nadra kurudi yote. Tena kazi yenyewe mara nyingi huishia nusu. 1HZ huvuta karibu mara mbili ya ile dizeli ya zamani, na msukumo huo wote unapita kwenye giaboksi na ekseli zilizoundwa kwa injini dhaifu. Difu ya Series ina uwiano wa 4.7 kwa 1, hivyo isipobadilishwa nguvu iliyoongezwa haigeuki kuwa mwendo; injini hukoroma barabara kuu kama ile ya mwanzo. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, na mbele pameongezeka uzito. Mnunuzi anayejua magari hukata bei kwa kila kimoja.

Pingamizi zito zaidi ni hili: injini ya asili ikifa, gari lioze juu ya matofali? Hapana. Gari linalotembea lina thamani kuliko lililokufa, na Series III zilizo nyingi hazistahili kutendewa kama vitu vya makumbusho. Uingereza yenyewe, DVLA inayosajili magari huko kwa miaka mingi ilipima gari lililobadilishwa kwa alama, chesisi ikipewa 5 na injini 1 tu. Kinachonisikitisha ni kuona injini ya asili inauzwa kwa kilo kama chuma chakavu mara tu inapotolewa, na vishikio vyake kwenye chesisi vinakatwa kwa gesi ili mpya ikae. Thamani inayopotea hapo hairudi tena. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, huwashauri wanaoyageuza magari yao kuwa ya umeme wahakikishe kazi inaweza kurudishwa nyuma na vifaa vya asili vimehifadhiwa. Ushauri huo unaifaa dizeli ya Toyota vilevile. Vishikio vikifungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, injini ya zamani ikapakwa grisi na kuwekwa stoo, muuzaji anaweza kuzungumza na wanunuzi wa aina zote mbili. Namba ya injini mpya nayo iandikishwe: kadi ya gari inayotaja injini isiyokuwemo huzua maswali ya wizi hata kwa mnunuzi asiyejali historia.