Bima ya mwaka kwa mapato ya siku: Mtihani wa SHA mtaani Mathare

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, ambayo Rais William Ruto aliitia sahihi Oktoba 2023, inamtaka kila mkazi wa Kenya ajisajili na kuchangia. Kwa aliyeajiriwa, utaratibu ni mwepesi: asilimia 2.75 ya mshahara hukatwa na mwajiri kabla ya pesa kumfikia. Kwa kibarua wa Mathare, hakuna mwajiri wa kukata wala mshahara wa kukatwa. Hicho ndicho kitendawili ambacho serikali moja baada ya nyingine zimeshindwa kukitegua.

Mathare, mojawapo ya mitaa mikongwe zaidi ya mabanda jijini Nairobi, imejaa watu wanaofanya kazi bila kuajiriwa. Wapo akina mama wanaodamka kwenda Eastleigh na Pangani kutafuta nguo za kufua, vijana wa mjengo, wachuuzi wa mboga, wabeba mizigo na waokota vyuma vikuukuu. Aliyepata leo hana hakika ya kesho. Wala si Mathare pekee. Takwimu za serikali zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wamo katika sekta ya juakali. Wenye mishahara, ambao bima za namna hii zilibuniwa kwa ajili yao, ndio wachache.

Tatizo hili halikuanza jana. Hazina ya bima ya matibabu ya NHIF iliundwa mwaka wa 1966 kwa ajili ya watu wa mishahara. Wengine walipofunguliwa mlango baadaye, walichangia kwa hiari. Ada yao ilikuwa Sh160 kwa mwezi, kisha ikapanda hadi Sh500 mwaka wa 2015. Mwaka wa 2004, Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliotetewa na Waziri wa Afya wakati huo, Bi Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Swali kuu lililozushwa na mswada huo lilikuwa lile lile la leo: nani atamlipia asiye na mshahara?

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, baada ya vuta nikuvute mahakamani. Mahakama Kuu ilikuwa imeiharamisha sheria hiyo Julai 2024, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba. Chini ya mpango mpya, familia isiyo na mshahara hutathminiwa uwezo wake kwa maswali, kisha hutozwa asilimia 2.75 ya mapato yanayokadiriwa. Hata hivyo, mchango hauwezi kushuka chini ya Sh300 kwa mwezi.

Ukitazama kwa juu, huo ni unafuu ukilinganishwa na Sh500 za awali. Lakini hesabu ina siri yake. Sh300 ni asilimia 2.75 ya takriban Sh10,900. Familia inayopata Sh5,000 kwa mwezi ingelipa chini ya Sh140 iwapo kiwango hicho kingefuatwa; badala yake hulipa Sh300, yaani asilimia 6 ya kipato chake. Mwenye mshahara wa Sh100,000 hukatwa Sh2,750, na sehemu yake hubaki asilimia 2.75. Fukara hutoa fungu kubwa zaidi la alichonacho kuliko tajiri.

Aidha, asiye na mshahara hutakiwa kulipa ada ya mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kiwango cha chini kabisa, hizo ni Sh3,600. Serikali ina hoja yenye mashiko hapa. Wakati wa NHIF, wengi walilipa walipougua na kuacha walipopona, na hakuna bima inayoweza kudumu kwa wanachama wagonjwa pekee. Lakini mama anayefua nguo hupata ujira wake kwa siku, hununua unga kwa siku na maji kwa mtungi. Kumdai Sh3,600 kwa mkupuo ni kumdai asichowahi kukishika mkononi kwa wakati mmoja.

Mwaka wa 2025, serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mwananchi hukopeshwa ada ya mwaka na kuilipa kidogo kidogo. Ni hatua ya kufaa, ila inageuza mchango kuwa deni kwa mtu ambaye tayari anadaiwa kodi ya nyumba na dukani.

Tatizo la tatu ni kipimo chenyewe. Maswali ya tathmini huangalia mambo kama nyumba, choo na taa. Kijijini, ukuta wa mawe na umeme huweza kuwa dalili ya ukwasi. Mathare na Huruma kuna ghorofa za mawe ambamo familia nzima hupanga chumba kimoja, na vibanda vya mabati vyenye taa za umeme. Isitoshe, hali hubadilika ghafla. Mafuriko ya Aprili 2024, na ubomoaji wa nyumba kando ya mto uliofuata, yaliwaacha wakazi wengi bila chochote. Makadirio ya jana hayawezi kuwa kipimo cha leo.

Matokeo yanajidhihirisha. Kufikia katikati ya 2025, zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamejisajili na SHA, lakini waliokuwa wakilipa miongoni mwa wasio na mishahara walikuwa wachache mno. Aliyejisajili bila kulipa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Akihitaji kulazwa katika hospitali kubwa, kadi yake haimsaidii. Hata uzazi umeguswa: chini ya Linda Mama, mjamzito alijifungua bure hata kama hakuchangia chochote. Leo, mama wa Mathare anayekwenda kujifungua Pumwani huulizwa kwanza kama mchango wake umelipwa.

Nchi nyingine za Afrika zina mafunzo. Rwanda iliwapa wanavijiji wenyewe jukumu la kupanga familia katika makundi ya uwezo, na serikali ikawalipia walio mkiani. Ghana, kwa sheria ya mwaka wa 2003, iliegemea zaidi ushuru wa bidhaa kuliko michango. Kenya nayo ilianza mwaka wa 2025 kuwalipia wananchi milioni 2.2 wasiojiweza. Ni mwanzo mwema, ila kati ya fukara hohehahe na mwenye mshahara kuna umati mkubwa wa akina yahe ambao si maskini vya kutosha kulipiwa, wala hawana uwezo wa kulipa kwa mkupuo.

Watu hao si wavivu wa kuweka akiba. Vyama vya akina mama mtaani hukusanya pesa kila wiki bila askari wala hakimu, kwa kuwa hupokea kidogo kinachopatikana na kumsubiri aliyekwama. Haba na haba hujaza kibaba, lakini SHA inataka kibaba kikiwa kimejaa tayari. Mpaka mpango huo ukubali kupokea haba, au serikali ijaze kilichopungua, afya kwa wote itabaki ya wenye mishahara.