Mistari Michache, Maisha Mazima

Rembrandt van Rijn, Mholanzi aliyezaliwa mjini Leiden mwaka wa 1606, anafahamika zaidi kwa picha zake kubwa za rangi. Hata hivyo, anayetaka kumjua kwa karibu na aanze na michoro yake ya kalamu na wino.

Mathalan, upo mmoja wa yapata mwaka wa 1656, uliohifadhiwa katika jumba la British Museum, London. Mtoto anafundishwa kutembea. Wanawake wawili wamemshika huku na huku. Mwanamume amechutama mbele yao, mikono ameinyosha. Nyuma yao anapita mwanamke aliyebeba ndoo. Ni mzazi yupi asiyeijua hali hiyo?

Sasa tazama kwa makini. Mistari ni michache na imepigwa haraka, kana kwamba mchoraji alihofia mtoto ataanguka kabla hajamaliza. Lakini unajua ndoo ile imejaa. Umejuaje? Ni ule mkono wa pili wa mwanamke, alioutanua ili asielemewe. Rembrandt hakuchora uzito. Alichora mkono, uzito ukaja wenyewe.

Miaka hiyo ilikuwa michungu kwake. Mwaka wa 1656 alifilisika, na mali yake, pamoja na michoro aliyokuwa amekusanya, ikauzwa kulipa madeni. Awali, yeye na mkewe Saskia walikuwa wamezika watoto watatu wachanga. Saskia mwenyewe alifariki mwaka wa 1642, akiacha mwana mmoja tu, Titus. Mtu wa namna hii angeweza kuchora kilio siku zote. Badala yake alikaa akaitazama hatua ya mtoto.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Wapo wazazi wanaokemea mtoto akichorachora nyuma ya daftari, wakidai anapoteza wakati. Kumbe huenda anajifunza kutazama, na kutazama ni elimu.

Jumapili hii, mpe mwanao kalamu na karatasi, bila kifutio. Mwambie amchore nyanya akichambua mboga au jirani akianika nguo, kwa mistari kumi pekee. Usimwulize kama picha imependeza. Muulize ameona nini. Kisha nawe chukua kalamu, ujaribu.